Jiwe Lililopigwa Bila Msiba

Nakumbuka alasiri moja, mwanangu, ambayo watu walikuja kwetu kulia na sisi hatujafiwa. Nimeikumbuka kwa sababu ya barua uliyonisomea jana, ile ya kumwomba mhadhiri wako akuchukue likizo hii uwe msaidizi wake wa utafiti, kwa malipo. Barua ni nzuri. Lakini kuna mahali umemwahidi kwamba utamletea siri za wazee wa kwetu ambazo hakuna mtu amewahi kuziandika. Hapo ndipo mwili ulinisisimka. Mimi shule niliishia darasa la sita, pengine naogopa bure. Sikiliza, kisha upime mwenyewe.

Kaka yangu Ekisa alikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, huko Kampala, miaka ile ya sitini ambapo kijana wa chuo akishuka treni Malaba hata wapagazi walimwita bwana mkubwa. Mwalimu wake, Dokta Lule, alikuwa msomi wa miamba. Alikuwa na nafasi moja tu ya msaidizi wa kulipwa, na walioiomba walikuwa wawili. Mwenzake alikuwa na alama za juu kumshinda. Na Ekisa asingepata nafasi ile, hangerudi chuoni. Baba alikuwa ameuza ng'ombe wa mwisho. Kwa hiyo nisimwonee. Mwenye njaa hana miiko. Akaandika katika maombi yake kwamba kwao, karibu na Amukura, kuna jiwe linalolia, na kwamba yeye atampeleka Dokta akalisikie.

Jiwe lilikuwepo kweli, juu ya kilima nyuma ya boma letu. Ukoo wetu ulilipiga kwa sababu moja tu: mtu akifa. Halikusema ni nani. Lilisema njooni, basi. Koo nyingine sijui kama zilikuwa na la kwao. Siwezi kusemea watu.

Dokta na Ekisa walikuja kwa Landrova siku ya soko, baba na mama hawapo. Nilipanda nao kilimani nikibeba mtungi wa maji ya kunywa. Dokta alikuwa mtu wa adabu, mimi msichana mdogo aliniita nyabo, yaani mama, kwa Kiganda chake, na Ekisa alimwita ssebo, bwana. Tulipofika akamgeukia Ekisa. "Ssebo, wazee wameruhusu?"

Ekisa alitazama viatu vyake. "Hakuna shida, Dokta. Ni la kwetu."

Akaokota jiwe la kujaza kiganja, akapiga.

Mwanangu, sauti ile haikutoka mahali alipopiga. Ilitoka chini ya nyayo zetu, kama mtu anayegonga mlango akiwa ndani. Dokta akashika kofia. "Banange! Rudia!" Ekisa akarudia. Halafu njiwa wakanyamaza, na mbuzi waliokuwa wakilia bondeni wakanyamaza, na nikasikia maji yakicheza ndani ya mtungi wangu ingawa nilikuwa nimesimama wima. Kisha, mbali kabisa, mwanamke akapiga ukemi wa msiba. Mwingine akaupokea.

Tulipoteremka, uwanja ulikuwa umejaa. Wanawake mikono kichwani, wanaume na majembe ya kuchimbia. Wote swali moja: "Ni nani? Ni nani wetu?" Kila mmoja alikuwa amekwisha kumlilia mtu wake njiani. Mama alifika kutoka sokoni na kiatu kimoja. Akapapasa uso wa Ekisa, akapapasa wangu. "Kama nyinyi mko hapa, basi ni nani?"

"Hakuna aliyekufa!" Ekisa akapaza sauti. "Ni mimi nilipiga. Ni utafiti tu!"

"Utafiti?" mzee mmoja akauliza kutoka nyuma. "Huo ndio ugonjwa uliomuua?"

Siku nyingine tungecheka.

Ndipo akatoka bibi yetu, mama yake baba, tuliyemwita Tata. Macho yake yalikuwa karibu kuzima, na hakuwa mtu wa makelele. "Jiwe limeita watu," akasema, "na watu wamekuja. Nani ataliambia kwamba walirudi bila kuzika?"

Wewe unajua kwamba kwetu mtu akipotea na mwili usionekane, huzikwa mgomba mahali pake. Tata akaagiza ukatwe mgomba, ukafungwa ndani ya blanketi. Kisha akamwita kaka yangu.

"Mgomba hauzikwi bila jina. Toa jina."

"Nitoe la nani, Tata?"

"Lako. Vya watu umekwisha kutumia."

Basi tulimzika Ekisa, na Ekisa amesimama ukingoni mwa kaburi karibu na mwalimu wake. Aliwasikia wanawake wakimlilia kwa jina: alivyochunga ndama, alivyokuwa wa kwanza katika ukoo kuvaa suruali ndefu. Dokta alivua kofia. Mama alilia machozi ya kweli, hilo nililiona mwenyewe. Udongo ulipokwisha, kaka yangu akasema kwa sauti kavu, "Mama, naomba maji."

Mama hakumtazama. Alinitazama mimi. "Mpe mgeni maji."

Na kuanzia siku ile jina lake nyumbani likawa Mgeni.

Kabla ya kupanda gari, nami nikisikia, Dokta alimwambia, "Kazi ningekupa. Ungesema tu kwamba bado hujaomba ruhusa, ningengoja. Mwamba huu umengoja tangu dunia iumbwe, mimi ningeshindwa na likizo moja?" Akafikiri kidogo, akaongeza, "Na mimi nilisikia jibu lisilojibu, nikalipokea." Kwa haki, nasema hakuwa mtu mbaya. Nafasi akampa yule mwingine. Ekisa hakurudi Kampala. Alipata kazi ya utanboi, msaidizi wa dereva, kwenye malori ya Malaba, akaoa, akalea watoto vizuri. Barabarani alikuwa Ekisa. Akiingia bomani, Mgeni.

Miaka mingi ikapita, akafariki kweli. Mwanawe akapanda kilima kulipiga jiwe, nami nikasimama uwanjani nasikiliza. Alipiga mpaka kiganja kikachubuka. Ilisikika ko, ko, jiwe kwa jiwe, kama mtoto anayevunja karanga. Hakuna aliyekuja. Pengine mvua ilikuwa imelipasua, pengine upepo ulikuwa wa upande mwingine. Sijui, na sitaki kukudanganya. Tukatuma watu na baiskeli nyumba kwa nyumba. Wazee wawili watatu waliobaki wakauliza, bila ubaya wowote, "Ekisa? Si tulikwisha kumlilia?"

Kwa hiyo, mwanangu, omba kazi. Sikukatazi, elimu haina mwisho na malipo ya halali si aibu. Mwandikie mwalimu wako unachokijua, na usichokijua umwambie uko tayari kujifunza. Muulize kazi yenyewe ni ipi, atakulipa vipi, na yale mtakayoyapata yatapelekwa wapi. Lakini usimwahidi kitu ambacho mwenyewe hajakupa. Nguo ya kuazima haisitiri matako. Nenda kwanza kwa wenye siri, ukae nao, uwaombe. Wakikataa, andika kwamba wamekataa. Na mwalimu akikuuliza kama wazee wameruhusu, usitazame viatu. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Nafasi ukiikosa kwa kusema kweli, mwaka ujao utaiomba tena kwa jina lako lile lile.

Mungu akufungulie mlango wa mwalimu mwema. Uende ukiitwa jina lako na urudi ukiitwa jina lako, na siku ukisimama hapa mlangoni kuomba maji, mama yako ajue anampa nani.