Toba Niliyoiandika

Nilikuwa na miaka kumi na miwili nilipokula mchana wa Ramadhani. Sikula kwetu. Niliingia kwa jirani, fundi wa nguo, mama Mmeru ambaye duka lake lilipakana na letu hapa Isiolo mjini. Alikuwa ametoka nyuma kidogo, na sahani yake ya githeri iko kando ya cherehani. Niliimaliza kwa mkono.

Mama yangu alinikuta mlangoni nikijifuta mdomo. Aliponiuliza, nikasema fundi ndiye aliyenipa, tena alinibembeleza, akaniambia Mungu hataona.

Maneno hayo ya mwisho sijui niliyatoa wapi. Mama alienda akamfokea mbele ya wateja, akamwambia anawaharibia watoto wa watu dini yao. Fundi alinitazama mara moja tu, kisha akainamia cherehani. Hakujitetea. Wanawake wa mtaa wetu waliacha kumpelekea nguo za Idd, na mwaka haukuisha kabla hajahamia mtaa wa Kiwanjani.

Nilikua, nikawa mwalimu, nikaanza kuandika hadithi. Moja ilimhusu msichana aliyemsingizia jirani. Ila msichana wangu aliungama siku ile ile kabla ya magharibi, fundi akamkumbatia akilia, na nyumba mbili zikala futari pamoja. Watu waliipenda. Ustadh mmoja aliniambia imemkumbusha rehema za Mungu. Nikajiona nimetubu. Madrasa nilisoma, na nilijua vizuri kwamba haki ya mja haifutiki mpaka mwenyewe asamehe. Nikajiambia, kitabuni ameshasamehe.

Mwaka jana nilimpelekea fundi mwenyewe kitabu chenye hadithi hiyo. Naona haya kukiri kwamba nilitaka anisifu. Alivaa miwani, akaisoma hadithi yote polepole huku nimekaa kwenye benchi la wateja. Alipomaliza, akakifunga.

"Huyu fundi wako ana roho nzuri," akasema. "Lakini mimi hujaniomba msamaha."

Nikaomba. Mimi niliyempa yule msichana maneno matamu, yangu yalitoka vipande vipande, na sikuweza kumwangalia usoni. Nilimuuliza kwa nini hakusema ukweli siku ile. Akanijibu kwamba alimwona mama ameshika ukanda.

"Mimi nimekusamehe, msichana wangu," akasema. "Sasa enda uambie mama yako."

Hilo lilinishinda wiki mbili nzima. Mama ni mzee sasa, magoti yanamsumbua. Nilipomwambia aliniagiza nimletee ushungi wake na nimpeleke Kiwanjani wakati huo huo.

Nilibaki nje. Kupitia dirisha niliwaona wamekaa mbali kidogo, mama akiongea huku ameangalia sakafu, kwa aibu ambayo haikuwa yake. Walipeana mkono wakati wa kuagana, basi. Tangu siku hiyo mama haniulizi ninaandika nini, na mimi simwambii.