Kuazimana Mikono

Zamani sheria sikuziogopa. Niliyemwogopa ni mandubu wetu, yule bwana wa kutupelekea karatasi kwenye ofisi za serikali. Kila akitokea dukani kwangu Bur Dubai bila kupiga simu, najua kuna jambo. Hakai. Husimama mlangoni akijifuta jasho, aseme, "Madam, imebadilika tena."

"Ipi sasa?"

"Ile ya mwezi uliopita."

Miaka ile mji ulikuwa ukibomolewa na kujengwa kila kukicha, na sheria za kazi nazo vivyo hivyo. Mimi nilikuwa na vyerehani vichache vya kushonea mabuibui na wasichana watatu, si kampuni ya minara, lakini nilizikimbiza sheria zile kama mtu anayefukuza kuku. Nikiishika hii, ile imeshanipita. Nilichoka, wallahi.

Siku moja mandubu alikuja akakaa. Akasema sasa hakuna mzaha: mfanyakazi akikutwa akifanya kazi kwa mtu asiyekuwa kafeel wake, yule aliyemtolea viza, anarudishwa kwao, na kurudi tena asahau.

"Hata kwa saa moja?"

"Hata kwa dakika. Khalas." Akanywa maji, akaenda zake.

Sasa sisi tuliishije mtaani pale? Kwa kuazimana. Idi ikikaribia, mzee mmoja wa Kiunguja, mshona kanzu wa duka la pili, huja akasema, "Mwanangu, niazime mkono," nami nikampa msichana wa kumsaidia. Nikizidiwa mimi, huniletea fundi wake. Hakuna aliyeiita kazi. Ni ujirani, kama kuombana chumvi.

Nikawakataza wasichana wangu, na kwa ukali, hasa yule wa Machakos, aliyekuwa na mkono mwepesi wa kutia shanga na moyo mwepesi wa kukubali. Binti yake alikuwa kidato cha tatu, na yeye alijiapiza kubaki Dubai mpaka mtoto amalize shule.

"Ukikamatwa, mtoto anakaa nyumbani. Umesikia?"

"Nimesikia, madam. Lakini si ni jirani tu?"

"Jirani si kafeel."

Mzee nilimwendea mwenyewe. Alinisikiliza, akatabasamu. "Mwanangu, hizo ni sheria za watu wa majengo. Nani aje hapa kukamata sindano?" Nilikasirika, nikaondoka bila kuigusa kahawa yake.

Mtaa ukaanza kubadilika. Gari jeupe likawa linapita polepole, halisimami. Duka la vitambaa lililotuelekea lilifungwa asubuhi moja huku feni ikizunguka ndani, na halikufunguliwa tena. Kila mlango wetu ukilia, sote tunainua vichwa. Usingizi ulinipotea.

Siku chache kabla ya Idi kubwa nikaamua tumrudishie mzee vitu vyake vyote, hata mkasi, pasibaki cha kuazimana. Yule wa Machakos ndiyo kwanza amimine chai. Akaiacha mezani, akachukua mkasi, akatoka.

Macho ya mzee yalikuwa yameanza kufifia. Alipopokea mkasi akamwambia, "Hebu nitungie uzi huu, mwanangu." Nani angemkatalia mzee kutunga uzi? Msichana akakaa kitini, kanzu ya mzee ikamwangukia mapajani.

Niliposikia milango ya gari nilitoka mbio. Wakaguzi wawili walikuwa wamesimama mbele yake, naye sindano i mkononi. Nikawaonyesha kadi yake ya kazi, nikapaza sauti: huyu ni wangu, ametunga uzi tu. Mmoja wao aliniuliza kwa upole, "Kanzu hii ni yako, madam?"

Mzee akainuka, akitaka kumwokoa. "Hana kosa huyu," akasema. "Mimi ndiye niliyemwomba anisaidie." Mkaguzi akatikisa kichwa, akaandika. Sheria ni msumeno, wanasema, nami niliusikia siku ile ukikata.

Msichana alipopandishwa garini aligeuka kunitazama, hana hofu hata kidogo. "Madam, chai yangu ifunike. Narudi sasa hivi."

Niliifunika kwa kisahani. Wiki ile ile mandubu alikuja kuchukua begi la nguo la msichana ampelekee uwanja wa ndege, na kikombe kilikuwa pale pale, sijathubutu kukiosha.