Pampu Iliyolia Mchana

Saa saba mchana, jua la utosi, Bi Spana amepiga magoti ndani ya kibanda cha pampu cha chuo cha ufundi. Ncha ya bisibisi ameiweka juu ya beringi, gololi zinazobeba mhimili wa pampu, mpini kaubana sikioni asikilize. Nyuma yake mkuu wa chuo, mhadhiri wa mitambo na wanafunzi kumi na wawili wanasubiri.

Leo ni siku ya thelathini. Pampu hii ya kupandisha maji mabwenini ilikuwa ikiua beringi kila baada ya wiki tatu. Ikimaliza mwezi bila kulia, Bi Spana ataanza kufundisha darasa la vitendo. Ikilia, atabaki na ufagio wake.

Ufagio huo ameushika miaka kumi na tisa. Mama huyu wa watoto watatu, aliyeishia darasa la saba, aliajiriwa kufagia karakana. Kila fundi alipoinama kwenye mashine, naye aliinama na ufagio wake, akitazama na kusikiliza.

"Nilikuwa nafagia pale pale hadi sakafu inachoka," anasema na kucheka.

Alipoomba kufundisha, aliulizwa cheti. Hata wanafunzi waliomwamini walipata taabu. Waliandika kwenye ripoti, "Pampu inalia." Mhadhiri akapiga mstari mwekundu: mashine hailii, andika mtetemo.

"Mtetemo ni neno moja tu, mwalimu," Bi Spana alimwambia. "Huyu ana sauti tatu: anakoroma, anasaga meno, analia. Kila moja na ugonjwa wake."

Ndipo mkuu wa chuo akampa mtihani wa pampu.

Mara ya kwanza alishindwa. Alifunga beringi mpya, akanyoosha shafti, yaani mhimili unaozunguka, ya mota na ya pampu zikatazamana sawasawa. Siku ya tisa, kilio. Akapewa nafasi moja tu ya mwisho.

Akakaa juu ya ndoo, wanafunzi wakimzunguka.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Asubuhi acheka, mchana alia, wala hajapigwa."

Wakataja mtoto, wakataja mlevi. Binti mmoja mrefu wa mwaka wa tatu akaruka. "Mama, ni pampu! Inalia ikipata moto!"

Darasani walishasoma kwamba chuma kikipata moto hutanuka. Kumbe mota ikipata moto ilinyanyuka, shafti zikapishana. Mafundi wote walikuwa wakizinyoosha asubuhi, zikiwa baridi! Binti akapiga hesabu: mota ishushwe kwa unene wa karatasi mbili, ili ikipata moto ipande na shafti zilingane. Bi Spana akapunguza vibati vyembamba vilivyoinua miguu ya mota, akakaza.

Sasa mhadhiri anasoma kipimo chake cha mtetemo, kisha anakisoma tena.

"Kinasemaje, mwalimu?"

"Kimetulia." Anakishusha kipimo. "Na wewe unasikia nini?"

"Anacheka, baba. Mchana kweupe, anacheka!"

Vigelegele vinapasua kibanda. Mkuu wa chuo anaushika mkono wa Bi Spana na grisi yake yote. Jumatatu Bi Spana ataingia darasani, yeye kwenye mashine, mhadhiri ubaoni, chumba kimoja.

Katika mwezi huu wa kusubiri, yeye na mhadhiri wameanza daftari: Bi Spana anaeleza mlio wa mashine, mhadhiri anauwekea hesabu. Wamefikisha milio ishirini na sita ya mashine mbalimbali, na wanataka kila mwanafunzi awe na nakala.

"Mtoto ayapate haya kwa muhula mmoja, si miaka kumi na tisa kama mimi," anasema Bi Spana, akimvuta mhadhiri kuelekea jiko la chuo. "Twende, baba. Jokofu lina kikohozi."