Pimamaji Juu ya Magoti

Mume wangu ni fundi wa vigae, na ubishi wake ni mgumu kuliko saruji anayoikoroga. Ukimwambia sakafu yake imeinama, anailaza chini pimamaji yake, ile rula ya mafundi yenye kipovu cha hewa, kipovu kinatulia katikati, na wewe unanywea.

Kazi ya kupiga magoti ililisaga goti lake la kulia. Daktari akamchoma sindano ndani ya goti, akamwonya: likivimba, likiwa na joto au ukipata homa, rudi mara moja. Akaitikia vizuri kabisa. Kesho yake alikuwa kazini, amepiga magoti.

Siku chache baadaye goti likavimba, likawaka moto, hata shuka ikiligusa anaruka.

"Dawa inafanya kazi, mama watoto. Inapigana humo ndani."

"Inapigana na nani? Unatetemeka na jua lote hili!"

"Udaktari umeanza lini?"

Nilitamani kumzaba kofi. Niliogopa mno. Asubuhi iliyofuata nikamwambia goti moja limelizidi jingine. Akasema macho yangu yana woga.

"Lete pimamaji."

Akanyoosha miguu kitandani, akailaza juu ya magoti yote mawili, meno ameyauma. Kipovu kikakimbilia kulia, upande ulioinuka, kikaganda huko. Akaigeuza, kama afanyavyo akiishuku pimamaji yenyewe, akailaza tena. Kipovu kikaenda kulia vilevile.

"Niitie gari," akasema taratibu.

Tangu anioe sikuwahi kumsikia akikubali kushindwa. Nikatupa kila kitu mkobani, pimamaji ikiwemo, tukaondoka.

Hospitalini walivuta maji ya goti kwa sindano. Yalitoka mazito, rangi ya uji.

"Usaha," daktari akasema. "Vijidudu vimeingia ndani ya kiungo. Tunamfanyia upasuaji sasa hivi, tulisafishe."

"Hamtamkata mguu?"

"Tutajitahidi, mama."

Nikakaa kwenye benchi, nikimlaani kwa ubishi wake na kumwombea kwa pumzi hiyohiyo. Daktari alipotoka alisema mguu upo na goti limeoshwa. Kama litakunjika tena, au kama atarudi sakafuni, hakuna ajuaye bado.

Nilimkuta amezinduka, macho yameganda kwenye bandeji.

"Lete pimamaji."

"Nimeisahau nyumbani," nikamwambia, mkono wangu ukiwa umeikamata ndani ya mkoba.