Mzee Surjit na Sehemu Yake Chini ya Lancaster

Ukitaka kumwona Mama Chancelle akiwa na raha, mkute asubuhi kabla makumbusho ya ndege hayajafunguliwa, akisukuma mopu na kuimba nyimbo za kwaya ya mtaa wao wa Walthamstow, huku ughaibuni, kwa sauti inayofika hadi darini. Jina lake ni Angélique, lakini kwa desturi ya kwao Uvira huitwa kwa jina la bintiye, na wenzake kazini wameizoea. Si mtu wa kuchagua kazi. Ndege za vita zilizojaa humo ndani huzipita bila kuzijali, unavyopita ng'ombe wa jirani. Isipokuwa moja.

Hiyo moja ni Lancaster, ndege ya mabomu ya injini nne, iliyokuwa ikiruka kwenda Ujerumani enzi za babu zetu. Milango ya tumbo lake imeachwa wazi ili wageni wachungulie mahali mabomu yalipokuwa yakining'inia. Wageni wenyewe hupita chini yake wakipiga picha na kucheka. Angélique, kwa miaka yote aliyofanya kazi pale, hakuwahi kuweka hata kidole cha mguu chini ya tumbo lile.

Aliyemsitiri ni Surjit, Singasinga wa Kisumu, mzee wa kilemba cha buluu na magoti yanayolia kuliko mlango mbovu. Wiki ya kwanza alimkuta mama wa watu amesimama ukingoni na mopu yake, jasho linamtiririka, na baridi ilivyokuwa kali siku hiyo! Hakuuliza kitu. Alimpokonya mopu.

"Mama Chancelle, wewe shika vyoo vyangu, mimi nashika hapa. Maneno imekwisha."

Na kweli yakaisha. Vyoo vya wanaume siku ya ziara za shule si mchezo, lakini Angélique alivisugua bila kinyongo.

Habari ya Luc, Surjit hakuijua. Kule kwao watoto wakiona ndege angani hutoka mbio uwanjani, wakiipungia mikono na kuiimbia iwaletee viatu, biskuti, chochote. Ndivyo walivyokuzwa. Siku ile ya vita watu walijitupa kifudifudi kwenye shamba la mihogo, na Angélique akalala amemshika mdogo wake mkono. Luc akachomoka. Akasimama katikati ya njia, akaipungia ndege ya mabomu kwa mikono miwili, akaiomba viatu. Alikuwa na miaka sita. Maskini, angejuaje kwamba kuna ndege za namna nyingine?

Angélique aliliona tumbo likifunguka. Tangu siku hiyo tumbo la ndege lililo wazi humkata pumzi, na mimi siwezi kumlaumu.

Sasa Jumatatu moja Jennifer, msimamizi wao, akamvuta kando kwenye chumba cha chai. Surjit, alisema, amepewa mara mbili tarehe ya kupasuliwa goti, na mara zote mbili ameikataa. Akiendelea hivyo hatatembea tena. Ukimuuliza sababu, anasema ana sehemu yake ya kusafisha na hana wa kumwachia.

"Eti chini ya Lancaster," Jennifer akasema. "Wewe unaelewa?"

Angélique alielewa. Aibu na upendo vikampanda kwa pamoja, akaiacha chai mezani, akaenda ukumbini.

Alimkuta mzee kapiga goti moja chini ya ndege, anakwangua chingamu sakafuni, uso umemkunjamana kwa maumivu.

"Papa Surjit, toka."

"Vyoo vimekwisha?"

"Toka, nimesema. Ulikatala opereshini juu yangu?"

Mzee akajifanya anatafuta doa lingine. "Goti ni yangu, mama. Naweza kukataa."

Angélique akavuta pumzi, akainama, akaunyoosha mkono mpaka akamfikia, akamwinua na kumtoa nje. Kisha akachukua mopu. Akaichovya ndooni, akasimama ukingoni.

"Si lazima leo," Surjit akamwambia polepole.

"Ukingoja siku miye niko tayari, utakuwa unatambaa kama mtoto."

Akaingia. Hakuimba. Alipofika katikati alisimama, akainua uso, akalitazama lile tumbo. Lilikuwa tupu. Akasema kwa sauti, katika ukumbi ule mkubwa, "Luc, lala chini, mdogo wangu. Dada yako iko hapa."

Surjit akataka kumfuata. Angélique akamwinulia kiganja.

"Bakia kule kule, Papa. Piga simu hospitali."

Mzee akatoa simu, ndevu zimeshalowa machozi. Kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane, akamuuliza.

"Luc nani, mama?"

"Mdogo wangu. Piga simu kwanza. Nikimaliza hapa nitakueleza yote."