Toba ya Mapera

Mwalimu mmoja, utotoni, alimsingizia dada yake Eliakunda kwa baba yao kwamba anashinda mtoni na wavulana, dada akatolewa shule. Yeye akasoma mpaka Mwingereza akampa cheti cha ualimu. Baada ya kuhitimu alikwenda mafungo ya maombi huko juu Meru, akarudi na sauti ya chini, kucha safi, na desturi ya kufumba macho hata kabla ya kunywa maji. Jumapili alisimama kanisani akatubu, huku analia, kwamba aliwahi kuiba mapera ya misheni.

Nje, Eliakunda alimngoja migombani.

“Na lile ulilonisingizia, kaka?”

Mwalimu akaikunja leso yake, pembe kwa pembe. “Dada, hayo tumwachie Bwana.”

Aliyesingiziwa si Bwana. Mpaka leo kaka wa Eliakunda ana deni la kusema mbele ya watu: dada yangu hakukosa.