Mshono wa Tatu

Ukitaka Salomon akununie mpaka jioni, mwambie afanye mbio. Miaka thelathini na miwili amechomelea vyuma hapa Kasongo, nyuma ya soko, chini ya mabati yaliyotoboka, na kwa miaka yote hiyo hajamkimbizia mtu kazi, awe mkubwa awe mdogo. Ameshona fremu za baiskeli, milango ya kanisa, madirisha ya msikiti, na pikipiki nyingi ambazo hata wenyewe walishazikatia tamaa. Watu humsema, "Ee, Salomon iko polepole sana, mutu anaweza kuota mvi hapa." Lakini kitu chao kikivunjika wanarudi kwake huyo huyo, na mvi zao.

Hatua sita kutoka kwenye karakana yake, mkewe Jeannette hukaanga mikate na kuiuza. Wamezaa wanne, na wote wameshaondoka nyumbani. Wa kwanza ni Laura, kwa hiyo mtaani wao ni Baba Laura na Mama Laura, na hata wao wawili wanaitana hivyo.

Sasa nikwambie siri ya mzee huyu. Tangu kiangazi kilichopita, jicho lake la kushoto liliingia wingu, na la kulia likawa linatoa machozi bila kilio. Moto wa kuchomelea, ukiutazama miaka thelathini kupitia kioo cheusi chenye ufa, unakula macho kidogo kidogo. Hakumwambia mtu. Alichomelea kwa sikio: moto mzuri unalia kama mafuta ya mikate ya mkewe, moto mbaya unakatika-katika. Kisha alipitisha kidole gumba juu ya mshono, na kidole hakikumdanganya. Aliogopa neno moja tu: "Salomon amekwisha." Neno hilo likishatoka sokoni, nani atakuletea hata sufuria? Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, sawa, lakini wahenga hawakuwa na karakana ya kufunga.

Basi, mvua ziliposhika, akaja Abdoul. Huyu ana Land Cruiser kuukuu ambayo hubeba watu na magunia kati ya Kasongo na Kabambare, njia ambayo wengi hawaiendei isipokuwa kwa pikipiki.

"Jambo, Baba Laura. Hii gari inanipatisha haya," alisema. "Juzi pale Toa-Viatu nimekwama mpaka asubuhi na abiria wangu. Gurudumu moja ndani ya matope inazunguka kama ya wazimu, na ya pili iko pakavu inaniangalia tu! Unifungie ponti ya nyuma. Zote mbili zitembee pamoja."

Toa-Viatu ni bonde la udongo mwekundu, na jina lake linajieleza. Ponti ni lile tumbo la chuma lililo katikati ya magurudumu ya nyuma. Ndani yake mna meno yanayoruhusu gurudumu moja lizunguke zaidi ya jingine, ili gari likate kona vizuri. Kwenye barabara ngumu ni baraka. Kwenye matope ni balaa, maana nguvu yote inakimbilia gurudumu lililozama. Dawa yake ni kuyachomelea meno hayo yashikane yasiachane tena. Gari litalalamika kwenye kona, litakula matairi, lakini litatoka matopeni.

"Siku tatu," Salomon alisema.

"Tatu! Baba, watu wameshaleta mizigo!"

"Moja ya kufungua na kuosha, moja ya moto, moja ya kupoa. Kama hautaki, beba ponti yako."

Abdoul aliguna, akakubali. Angekwenda wapi? Na tena Kasongo wana desturi yao: aliyeshona chuma cha gari hupanda safari yake ya kwanza, akae juu kabisa ya kazi yake. Kazi ikivunjika, fundi anarudi kwa miguu. Salomon alikuwa amepanda safari nyingi namna hiyo, na hakuwahi kurudi kwa miguu.

Siku ya pili aliyapasha meno moto kwenye makaa mpaka yakapata moto wa kutosha, akawasha grupu, ile jenereta yake ya umeme, akainama. Sehemu za kushona zilikuwa nne. Ya kwanza ililia vizuri, ya pili vilevile. Kwenye ya tatu, jicho la kulia lilijaa machozi na sauti ya moto ikabadilika. Angesimama, afute uso, aanze upya. Hakusimama, kwa sababu Abdoul alikuwa pale anamtazama, naye hakutaka Abdoul amwone akifuta macho. Mzee mzima, kiburi cha kijana! Alimaliza ya nne, akaizika kazi yote ndani ya majivu ya moto ya makapi ya mpunga, akafunika kwa bati. Chuma kilichotoka motoni ni kama mzazi aliyetoka kujifungua, hakitolewi nje siku ile ile. Ukikipoza haraka kinapasuka, na kinapasukia njiani.

Kesho yake alikifukua na kupitisha kidole. Mshono wa kwanza, mzuri. Wa pili, mzuri. Wa tatu ulikuwa umepita kando ya meno. Ulikuwa donge tupu, halikushika chochote. Akapitisha kidole tena, labda kimekosea. Hakikukosea.

Abdoul alikuwa ameshika bolti mkononi, tayari kufunga. Abiria walikuwa wamekaa juu ya magunia yao. Na hapa, ndugu msomaji, Salomon akapiga hesabu. Ponti ikishafungwa nani ataona ndani? Mishono mitatu iliyoshika ingeweza kufika Kabambare. Ingeweza pia kuachia katikati ya njia, chuma kitafune chuma, na watu wale wabaki porini na mvua yao. Akinyamaza, pengine jina lake litapona. Akisema, jina linakwisha sasa hivi, mchana kweupe, mbele ya wateja.

"Abdoul, usifunge," akasema. "Wa tatu ni mubaya."

"Mubaya namna gani?"

"Nimeukosa. Sioni muzuri. Tangu kiangazi sioni muzuri."

Abdoul akaweka bolti chini. Kisha mama mmoja juu ya gunia akashika kichwa. "Aye, Mungu wangu! Na sisi tunapanda hiyo gari?" Abdoul alipiga teke tairi, akaumia kidole, akatukana tairi. Salomon alibaki na chuma mkononi. Aliona haya kiasi cha kutaka ardhi ipasuke.

Jeannette aliipua karai lake. Akafuta mikono kwenye kitenge, akaja hatua zile sita, akachukua kioo cheusi cha pili, kile kizima ambacho Salomon alikuwa akikiweka akiba.

"Baba Laura, washa grupu."

"Mama Laura, hii si mikate."

"Najua si mikate. Mikate miye siunguzi."

Mtu mmoja akacheka, kisha wote, na Abdoul naye akacheka bila kupenda. Salomon hakucheka, ila alichukua patasi na nyundo, akaling'oa lile donge, akarudisha chuma kwenye makaa. Kilipopata moto wa kutosha akainama, na mkewe akainama kando yake, bega kwa bega.

"Kulia kidogo," Jeannette akasema. "Umepita. Rudi. Hapo, hapo! Sasa tembea. Polepole, Baba Laura, si weye unapenda polepole?"

Moto ukalia vizuri. Mkono wa Salomon haukuwa na kasoro hata kidogo. Mkono ulikuwa ule ule wa miaka yote. Walipomaliza, alipitisha kidole juu ya mshono akaukuta umejaa sawasawa. Wakazika tena kwenye majivu, na Abdoul, apende asipende, akangoja siku nyingine.

Asubuhi ya safari Abdoul alikuna kichwa. "Sasa desturi inasema fundi apande. Nani apande?"

Kabla hajajibiwa, Jeannette alikuwa ameshakaa nyuma, juu ya ponti, na furushi lake la mikate mapajani. Salomon akapanda akakaa karibu naye. Kwenye kona za pakavu gari lilinung'unika na matairi yakalia, na Salomon akampigia Abdoul kelele, "Pole kwenye kona! Nimekwambia pole!" Abdoul akajibu kwamba amesikia, hata Kabambare wamesikia.

Toa-Viatu ilikuwa imejaa maji. Watu wakavua viatu, tayari kushuka kusukuma. Gari likaingia, likainama upande, na Salomon akashika ubao kwa mikono miwili. Hakuona kitu isipokuwa wekundu. Alisikia magurudumu mawili yakichimba kwa sauti moja, gari likatikisika, likapanda, likatoka. Juu ya magunia vigelegele vikapasuka.

Walifika Kabambare jua lingali juu. Dereva mwingine, Jean-Paul, alikuja akachungulia chini ya gari, akauliza nani ameshona ponti hiyo, kwa kuwa na yeye anataka. Watu wote wakamtazama Salomon. Yeye akakohoa.

"Uliza mama kama iko na nafasi."

"Ulete Alhamisi," Jeannette alisema. "Na usije kutuambia tufanye mbio."

Jean-Paul alipoondoka, wawili hao wakabaki wamekaa kwenye ukingo wa gari, wanakula mikate iliyosalia. Salomon alitafuna muda mrefu kabla ya kuuliza.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu ulipomwaga mafuta ya mawese kando ya sahani, ukasema sahani imesogea."

"Na haukusema kitu?"

"Nilikuwa nakungojea uniombe." Akapangusa makombo kwenye kitenge. "Nilingoja mpaka nikachoka, ndiyo maana nimekuja mwenyewe. Lakini haujaniomba mpaka leo."

Salomon akaacha kutafuna. Maneno yalikuwa madogo, na miaka thelathini na miwili hakuwahi kumwambia mtu yeyote maneno hayo.

"Basi, Mama Laura," akasema, "nakuomba."